Bandama Lililorudi kwenye Sinia

Nchi ninayoisimulia ina jina, ila mimi silitaji. Nikilitaja mtaniuliza nimelijuaje, na nikieleza nimelijuaje mtaniuliza nani amenituma, na swali hilo la pili, kwa watu wa nchi hiyo, halijawahi kumwacha mtu arudi nyumbani kula chakula cha mchana. Basi tuiache hivyohivyo. Iko mahali. Ina bendera, ina wimbo, ina foleni, na ina fahali.

Huyo fahali ndiye serikali yenyewe. Kila mwaka, Siku ya Mgao, fahali mmoja huchinjwa uwanjani mbele ya umma, na kila ofisi hupata kipande chake. Nundu ni ya Mkuu wa Nchi. Ulimi ni wa Spika. Masikio yote mawili ni ya Mkuu wa Usalama. Sarara, ile nyama laini ya mgongoni, ni ya Mkurugenzi wa Idara ya Migao, ambaye ndiye anayeshika kisu, kwa hiyo tusipoteze muda kuuliza alivyoipata. Kidari, paja, ini, figo, kila kimoja kina mwenyewe, kina barua na kina muhuri. Kwato huenda kwa walimu. Wananchi waliobaki hupata harufu, na serikali huhakikisha inamfikia kila mtu bila ubaguzi kwa kuchomea nyama upande unakotokea upepo.

Mambo haya yamezoeleka mpaka wakubwa wa nchi ile wameacha majina waliyopewa na wazazi wao. Mkuu wa Nchi ni Mtukufu Nundu. Mkurugenzi wa Migao ni Mheshimiwa Sarara. Mkuu wa Usalama ni Mheshimiwa Masikio, na anasikia. Husemwa kwamba hata mke wa Mtukufu, wakiwa wawili tu, humwita Nundu wangu, lakini mimi sikuwapo na sitaki kuulizwa.

Chini kabisa, baada ya utumbo na kabla ya kwato, kulikuwa na bandama. Bandama lilikuwa la Burhani Chilongani.

Burhani alikuwa Mlishaji Mkuu Msaidizi wa Fahali wa Taifa. Mlishaji Mkuu mwenyewe hakuwapo. Nafasi ile iliachwa wazi makusudi, ili Burhani awe na mtu wa kumwogopa. Kwa miaka kumi na sita aliwalisha mafahali kumi na sita, mmoja kila mwaka. Aliwapa pumba asubuhi na majani mchana, akawaogesha, akawatoa kupe nyuma ya masikio. Alikuwa mtu wa polepole, mwenye kandambili na maneno machache. Siku ya Mgao ikifika alikaa kwenye kigoda chake, akapokea bandama lake kwenye sinia, akalila, akashukuru. Wala hakuwahi kufikiri lolote la ajabu. Ningependa msomaji alikumbuke hilo, maana baadaye ilisemwa kwamba alipanga kila kitu tangu akiwa tumboni mwa mama yake.

Sasa mwaka ule wa kumi na sita, wachinjaji walipokuja na kamba, fahali aligoma. Walikuwa wanaume sita wenye misuli, wakamvuta, wakamsukuma, wakamtukania mama yake. Fahali kimya, miguu imekita chini. Mtukufu Nundu alikuwa ameshakaa jukwaani na leso yake shingoni. Mheshimiwa Sarara akapiga kelele: "Mwiteni yule wa pumba!"

Burhani akaja na beseni lake. Akapiga ulimi mara mbili, ko, ko, kama alivyofanya kila asubuhi. Fahali akainua kichwa, akamtambua, akaja. Alimfuata uwanja mzima bila kamba, na katikati ya njia Burhani aliposimama kurekebisha kandambili iliyochomoka, fahali naye akasimama kumngoja.

Walipofika, Burhani akaweka beseni chini. Fahali akainamisha shingo ale. Basi, ndivyo ilivyokuwa.

Nusu saa baadaye sinia likaletwa. Burhani akachukua bandama lake, likafika mdomoni, likakataa kuingia. Akajaribu tena. Hapana. Mwishowe akalirudisha kwenye sinia kwa mikono miwili, kwa adabu zote, akamwambia mhudumu, "Ahsante sana. Nimetosheka."

Jamani! Kama angelipua jengo la Bunge, pangekuwa na utulivu zaidi.

Sinia lilirudi Idara ya Migao saa nane mchana. Mheshimiwa Sarara alikuwa anajichokonoa meno. Akalitazama.

"Nini hiki?"

"Bandama, mheshimiwa."

"Naona kwamba ni bandama, mimi si kipofu! Nauliza linafanya nini hapa?"

"Mwenyewe kasema ametosheka."

Mkurugenzi akaketi. Tangu nchi ipate uhuru hakuna sinia lililowahi kurudi na kitu. Kuna mwaka mzee mmoja wa Idara ya Mipaka alifariki kidari kikiwa bado kwenye kinywa chake, na hata yeye hakukirudisha. Ukutani nyuma ya Mheshimiwa Sarara palikuwa na picha kubwa ya fahali, imegawanywa kwa mistari myekundu, na ndani ya kila kipande jina la ofisi. Sasa kipande kimoja kilikuwa wazi. Fahali alikuwa na tundu, na kwa kuwa fahali ni serikali, serikali ilikuwa na tundu.

Wakubwa wakaitwa kikao cha dharura. Walizungumza mpaka jua likazama, na hakuna aliyetamka kwamba huenda mtu yule hakutaka nyama. Wazo kama hilo lilihitaji kuzaliwa nchi nyingine. Waliposimama walikuwa wamekubaliana: huyu bwana ni mjanja. Mtu hakatai bandama mbele ya watu ila anataka figo.

*

Nyumbani nako hakukuwa shwari. Mkewe Burhani, Bi Zamda, alikuwa amepika mchuzi wa nyama kwa miaka kumi na tisa ya ndoa, na sifa za mchuzi ule zilivuka mitaa mitatu.

"Baba Hidaya," alisema, mikono kiunoni, "nimekukosea nini?"

"Hujanikosea kitu, mama Hidaya. Nimeacha nyama tu."

"Umeacha. Watu wanaacha pombe, wanaacha sigara. Nyama imekufanya nini?"

"Haijanifanya kitu. Mimi ndiye niliyeifanya."

Bi Zamda akamtazama kwa jicho la pembeni. Burhani akajaribu kumweleza. Akamwambia kuhusu beseni la pumba, na jinsi fahali alivyosimama kumngoja arekebishe kandambili. Akasema amewaza sana, na ameona hivi: kama tumbo linaweza kushiba maharage, ndizi, mchicha na karanga bila kumhadaa yeyote, kwa nini amhadae mtu?

"Mtu?"

"Ng'ombe, nimekosea."

"Hukukosea," alisema Bi Zamda polepole. "Baba Hidaya, mimi si mtoto. Miezi mitatu huli mchuzi wangu, na suruali bado inakubana. Kuna jiko jingine mahali. Huyo anayekupikia maharage ni nani?"

Burhani akaapa hakuna. Akasema anachemsha mwenyewe, pale zizini, kwa sufuria yake. Hilo ndilo lililoharibu kabisa, maana ni mwanamume gani atajipikia mwenyewe ilhali ana mke? Bi Zamda akaanza kunusa mashati yake. Yalinuka ng'ombe, na shaka yake ikazidi, kwa sababu sasa alijiuliza ni mwanamke gani huyo anayenuka ng'ombe.

*

Barua ya kwanza ilifika na muhuri wa zambarau. *Ndugu Chilongani, Idara imetambua mchango wako na imeona vyema kukupandisha kutoka bandama kwenda figo, kuanzia Siku ya Mgao ijayo.* Burhani akajibu kwa mwandiko wake mkubwa wa shuleni: *Nashukuru, ila sihitaji. Mpeni mwingine.*

Idarani jibu lile lilipita mkono hadi mkono. "Anatucheka," alisema Mheshimiwa Sarara. Barua ya pili ikampa ini. Burhani akashukuru, akakataa. Ya tatu ikampa mbavu za kushoto, ambazo zilinyang'anywa kutoka kwa Kamishna wa Misitu, na Kamishna akalia hadharani. Burhani akakataa. Kadiri alivyoandika kwa unyenyekevu zaidi, ndivyo walivyozidi kutishika. Walikuwa hawajawahi kuona mtu mwenye kiburi kikubwa kiasi cha kuandika "samahani" mara nne kwenye ukurasa mmoja. Walipomfikisha kwenye kidari akakataa kidari, Mheshimiwa Sarara akageuka kuitazama ile picha ukutani. Kwa ngazi za nchi ile, kilichofuata baada ya kidari kilikuwa sarara. Mkurugenzi akaanza kutokwa na jasho.

Wakati huo Burhani alikuwa zizini na fahali wa kumi na saba. Alikuwa mweusi, mwenye baka jeupe puani, na tabia ya kuramba bega la mtu anayemkuna. Kanuni ya Tisa ya Idara inakataza kabisa Fahali wa Taifa kupewa jina, kwa sababu chenye jina huulizwa habari zake. Burhani aliijua kanuni hiyo kwa moyo. Akamwita Jirani.

Alihesabu siku zilizobaki kwa kutazama majani yakipungua ghalani. Alijua kitakachotokea: wachinjaji watakuja na kamba, Jirani atagoma, na watamwita yule wa pumba. Hapo roho ilimuuma kwelikweli. Kula au kutokula lilikuwa jambo la tumbo lake na alishalimaliza. Lakini nani atamwokoa huyu?

*

Mheshimiwa Masikio ndiye aliyeunda Tume ya Kuchunguza Kutokula. Ilikuwa na wajumbe kumi na mmoja na sinia la mishikaki katikati ya meza, kwa ajili ya kupima sura ya mtuhumiwa kila moshi ukimfikia.

"Chilongani," alianza Mheshimiwa Masikio kwa sauti ya upole iliyomtisha kila mtu, "nani amekutuma?"

"Hakuna, mheshimiwa."

"Andika: amekataa kumtaja. Haya. Unakula maharage. Maharage yanatoka wapi?"

"Sokoni."

"Sokoni. Andika: ana mtandao."

Mjumbe mmoja mnene, aliyekuwa na shahada, akainua kidole. "Ndugu, simba anakula nyama. Chui anakula nyama. Wewe unajiona mwema kuliko maumbile?"

"Simba hajui kupika maharage, mheshimiwa. Angejua, ningemuuliza."

"Na mchicha je? Mchicha hauna roho? Unaung'oa, unaukatakata, unautia kwenye mafuta ya moto, halafu unatuletea habari za huruma!"

Burhani akafikiri. Alikuwa na kawaida ya kulifikiria swali kabla ya kujibu, tabia iliyotia shaka sana. "Kama mchicha una roho," alisema, "basi ng'ombe mmoja amekula roho nyingi kuliko mimi nitakazokula mpaka nife. Nikimla yeye, nimekula na zake zote. Nikila mchicha tu, nimepunguza."

Wajumbe wakatazamana. Mmoja akaurudisha mshikaki wake sahanini, kisha akaona Mheshimiwa Masikio anamtazama, akauchukua tena haraka.

"Na mfugaji wa kule jangwani," akasema mama mmoja aliyekaa mwisho wa meza, ambaye alionekana kuuliza kwa kutaka kujua, "kule maharage hayaoti, mvua yenyewe ya kubahatisha. Naye aache?"

"Huyo simsemi, mama. Akiacha atakufa yeye na wanawe. Mimi nakaa hatua mia mbili kutoka sokoni. Sina kisingizio chake."

"Na asali?"

"Asali sijaiamua."

"Hajaiamua!" akadakia Mheshimiwa Masikio. "Andika: bado anasubiri maelekezo." Akainama mbele. "Sasa nieleze, taratibu. Ukitutazama sisi tukila, unatuona wauaji?"

"Sijasema hivyo, mheshimiwa."

"Lakini umefikiri."

Burhani angeweza kusema hapana. Neno lilikuwa pale, jepesi, la silabi tatu. Lakini alikuwa mtu wa ajabu. Hakupenda kudanganya, na tangu ile siku ya beseni alikuwa hapendi zaidi. Akanyamaza. Katika nchi ile kunyamaza huandikwa kurasa tisa.

*

Taarifa ilipomfikia Mtukufu Nundu, alikuwa mezani. Akasoma ukurasa wa kwanza, akatafuna. Akasoma wa pili, akatafuna polepole. Kwenye wa tatu akaacha.

"Masikio," alisema, "huyu mtu ndiye anayemlisha fahali?"

"Ndiye, Mtukufu."

"Mwaka mzima?"

"Kila siku, Mtukufu. Kwa mkono wake."

"Na anayemlisha fahali amekataa kumla fahali."

Mtukufu akaisukuma sahani taratibu, kwa kidole kimoja. Mpishi unayemwona hagusi chungu chake, wewe utakula? Na kwa kuwa Mtukufu alisukuma, mawaziri wakasukuma. Jioni ile wakubwa wote wa nchi walilala na chai kavu, na asubuhi yake bei ya njugu mawe ilipanda mji mzima na hakuna aliyekubali kusema kwa nini. Walinunua kwa kujificha, wake zao wakiwa wamejitanda khanga mpaka puani. Mtu yeyote angewaona angesema nchi imeingiwa na huruma. Huruma wapi! Ilikuwa hofu tupu.

Lakini Siku ya Mgao haiahirishwi. Bila mgao hakuna anayejua nani ni nani.

*

Siku yenyewe uwanja ulijaa. Wakubwa walikaa kwa ngazi, kila mmoja na sahani tupu mapajani. Ngoma ikapigwa. Jirani akaletwa mpaka katikati kwa beseni la pumba, na aliyebeba beseni, kwa amri iliyoandikwa, alikuwa Burhani. Wachinjaji sita walisimama nyuma, visu vimenolewa.

Sasa, kabla ya kisu kugusa shingo, kuna mwito. Mheshimiwa Sarara husoma kila kipande, na mwenye kipande husimama na kujibu: "Nipo, na nina njaa." Kipande kimoja kikikosa wa kukijibia, fahali hachinjwi. Ni sheria ya waasisi, na hakuna aliyewahi kuifikiria sana, kwa kuwa haijatokea hata siku moja mtu wa nchi ile akawa hana njaa.

"Ulimi!"

"Nipo," akasema Spika, sauti inatetemeka, "na... nina njaa."

"Masikio!"

"Nipo, na nina njaa," akasema Mheshimiwa Masikio, akimtazama Burhani na si mwingine.

Wakapita hivyo mmoja mmoja, wamepauka, wakijibu kwa woga zaidi kuliko njaa. Mwishowe: "Bandama!"

Burhani alikuwa amesimama na mkono juu ya shingo ya Jirani. "Nipo," alisema. "Sina njaa."

Uwanja mzima ukavuta pumzi. Mtukufu Nundu akashuka jukwaani mwenyewe, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu apate ile nundu ya kwanza. Akaja mpaka hatua kumi kutoka kwa fahali, akaishia hapo.

"Kijana," alimwambia Burhani, ambaye alikuwa na miaka hamsini na mbili, "sema utakula. Mwaka huu wewe ndiye wa kuanza, sisi tutafuata. Ukila, umesamehewa yote, na unachukua kidari. Usipokula, nieleze sababu hapa, mbele ya watu."

"Sitaki mtu afe kwa ajili ya tumbo langu, Mtukufu, ikiwa kuna kingine cha kula. Ni hilo tu."

"Hiyo nimeisoma kwenye taarifa," alisema Mtukufu kwa uchovu. "Imeandikwa mara thelathini na moja. Mimi nimetawala watu miaka ishirini na mbili, na sijamwona hata mmoja aliyeacha kitu kwa sababu hiyo. Nipe sababu ya kweli. Au basi niseme huna sababu yoyote, ni ukaidi tu, nimwambie mtu mwingine alijibie hilo bandama, na wachinjaji waendelee."

Mheshimiwa Sarara alikuwa ameshafungua kitabu, kalamu mkononi, amefurahi kuona tundu lake linazibwa. Wachinjaji wakasogea hatua moja. Jirani hakuwaona. Alikuwa amemaliza pumba, na kama kawaida yake akaanza kuliramba bega la Burhani, polepole, kwa ule ulimi wa kukwaruza ambao Spika alishauitikia.

Burhani akaangalia visu. Akaangalia lile beseni tupu. Mwaka mzima alikuwa amesema kweli kwa kila aliyemuuliza: mkewe, Idara, Tume, na sasa Mtukufu mwenyewe, na kweli yake ilikuwa haijamsaidia ng'ombe hata mmoja.

"Ana sumu, Mtukufu," alisema.

Lo! Laiti mngeziona zile nyuso. Mngedhani mvua imenyesha baada ya kiangazi cha miaka mitatu. Mtukufu alishusha pumzi ndefu. Spika akajipangusa jasho kwa sahani. Mheshimiwa Masikio aliandika kwa kasi mpaka kalamu ikatoboa karatasi. Hatimaye mtu yule alikuwa amesema jambo linaloingia akilini!

"Sumu gani?" akauliza Masikio.

"Ya majani. Nilimlisha mwenyewe. Imeingia kwenye nyama, haitoki."

"Kumbe!" alisema Mheshimiwa Sarara karibu kwa upendo. "Kumbe ana akili zake timamu!"

Kule kwenye umati Bi Zamda alikuwa amejishika kichwa kwa mikono miwili. Alipopata maana akaishusha mikono. "Afadhali," alisema kwa sauti, mpaka majirani wakageuka. "Afadhali sumu. Mimi nilidhani mwanamke."

*

Kesi ikafunguliwa alasiri ile ile. Jirani aliandikwa Kielelezo Namba Moja, na sheria ya nchi ile inasema kielelezo hakiharibiwi mpaka kesi iishe. Katika nchi ile kesi hazina desturi ya kuisha. Kielelezo kinahitaji mlinzi, na hakuna askari aliyekubali kulikaribia dume lenye sumu, kwa hiyo mshitakiwa mwenyewe akaamriwa kukaa nalo zizini, kulilisha na kuliogesha, chini ya kufuli, mpaka amri nyingine. Na ili aone uchungu wa kosa lake, Mtukufu aliongeza kwa mkono wake mwenyewe kwamba mfungwa asipewe nyama maisha yake yote. Apewe maharage.

Burhani alisikia amri ile ameinamisha kichwa, ili wasione sura yake.

Siku tatu zile za mwanzo alikuwa na raha ambayo hakuijua mwaka mzima. Hakuna aliyemuuliza kitu. Bi Zamda alimletea maharage ya nazi, aliyoyapika mwenyewe, akamtazama akila mpaka mwisho kupitia kwenye mbao za zizi, ameridhika. Jirani alicheua pembeni. Burhani alijiambia kwamba amedanganya, ndiyo, lakini amedanganya wenye visu, na hilo anaweza kulala nalo.

Siku ya nne, mchana, akasikia ngoma.

Akasimama. Jirani naye akainua masikio. Kisha upepo ukaleta ile harufu, bila ubaguzi, mpaka zizini.

Saa nane mlango ukafunguliwa, akaingia Mheshimiwa Sarara mwenyewe, sinia mkononi, amenawiri. Hakumsogelea Jirani. Aliliweka sinia juu ya ndoo iliyopinduliwa, akatoa kitabu chake.

"Saini hapa," alisema. "Mtukufu amekutambua. Kwa kuwa ulisema kweli mwishowe ukaiokoa serikali, umepandishwa. Ini. Bandama limepata mtu mwingine, na ini kwenye mwito nimekujibia mimi. Najua umezuiwa nyama, huruhusiwi kulila, lakini lazima ulipokee, picha yangu ya ukutani haiwezi kukaa na tundu."

"Mheshimiwa," alisema Burhani, "fahali si huyu hapa?"

"Huyo ni kielelezo. Tumechukua wengine. Wanne." Mkurugenzi alionyesha vidole kwa fahari. "Baada ya mambo yako hatuwezi tena kubahatisha. Wa kwanza tumewapa mbwa, tuone. Wa pili wafungwa, tuone. Wa tatu mashemeji wa mawaziri. Mpaka mashemeji walipomaliza saa mbili nzima bila kuanguka, ndipo tukamchinja wa Mtukufu. Utaratibu mzuri sana. Tumeupitisha uwe wa kila mwaka."

Burhani alikaa chini kwenye majani. Alilitazama lile ini kwenye sinia, bado linatoa mvuke. Alijaribu kuwaza wanne walifikaje katikati ya uwanja, kama waligoma au hawakugoma, na nani aliwashikia beseni. Nyuma yake Jirani akaanza tena kucheua.

"Saini, bwana, nina masinia mengine."

"Hao wanne," alisema Burhani. "Walikuwa na majina?"

Mheshimiwa Sarara akakunja uso. Akamtazama mfungwa, akamtazama fahali, akalitazama bega la shati la mfungwa lililolowa mate ya ng'ombe. Akafungua ukurasa mpya, akalamba ncha ya penseli.

"Nani amekutuma uulize?"